Mtaala wa kumfundisha nyumbani kabla ya chekechea: nimekwama kati ya vitatu

Mama Maswali

Hamjambo wadau. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu, mwaka ujao wa masomo ataingia chekechea. Kwa sasa tunashinda naye nyumbani, nami kazi zangu nazifanyia hapahapa, kwa hiyo nimeamua muda uliobaki nimwandae mwenyewe. Tatizo ni mtaala. Nimetazama mpaka macho yanauma, na nimebaki na vitatu.

Cha kwanza ni kifurushi cha vitabu vya mazoezi. Kila siku ina ukurasa wa herufi, wa namba na wa kupaka rangi, na kuna mwongozo wa mzazi unaokuambia hadi maneno ya kusema. Cha pili ni mtindo wa Montessori: trei, vifaa vya mbao, herufi za msasa, mtoto anachagua mwenyewe afanye nini. Cha tatu ni programu ya simu yenye video na michezo, kila akipatia inampigia makofi. Hii ndiyo anayoipenda, na ndiyo inayonipa nafasi ya kumaliza kazi zangu, sitaki kuwa mnafiki.

Mtoto mwenyewe yuko hivi. Anaimba a, be, che, de mpaka ze kwa pumzi moja, lakini ukimwonyesha herufi moja peke yake anataja yoyote inayomjia. Anahesabu hadi ishirini akiruka kumi na tano kila mara. Ukimpa vifuniko vya chupa avihesabu, mdomo unafika kumi wakati kidole bado kiko kwenye cha saba. Penseli anaishika kwa ngumi. Kukaa chini ni ugomvi. Ila kuongea! Anaamka anaongea, analala anaongea, na kisa cha jana anakusimulia chote na chumvi juu.

Mama mkwe anasema nisihangaike na mitaala, nimkalishe tu mpaka ajue kusoma, maana baba yake alianza shule akiwa tayari anasoma. Nami naogopa nisije nikampeleka akawa wa mwisho darasani.

Nichukue kipi? Kwa siku nimkalishe muda gani? Na je, ni lazima awe anasoma kabla hajaanza?

Mtu wa Kivulini

Miaka minne na nusu? Mwache acheze. Ufini mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, na wanasoma vizuri tu.

Chaki na Vumbi

Mama Maswali, nimefundisha chekechea miaka mingi, siku hizi nasaidia wazazi wanaosomesha nyumbani. Nianze na la mama mkwe maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, si lazima awe anasoma. Kusoma atakwenda kufundishwa hukohuko.

Wiki ya kwanza mwalimu hana muda wa kuuliza nani anajua herufi ngapi. Anaangalia nani anavua viatu na kuvivaa mwenyewe. Nani anakwenda chooni, anajisafisha, anapandisha zipu na kunawa bila kufuatwa. Nani akiambiwa "rudisha kitabu rafuni, chukua rangi, njoo ukae hapa" anafanya yote matatu bila kusahau la katikati. Nani akinyang'anywa kitu anasema badala ya kung'ata. Nimewahi kuwa na mtoto aliyeingia akisoma sentensi nzima, lakini hakuweza kungoja zamu yake hata mara moja. Huyo alinichosha kuliko wote waliokuja hawajui a. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, andika mambo haya ya mwili na ya tabia kwenye karatasi, uone yapi bado. Hayauzwi kwenye kifurushi chochote, na yanajifunza kwa kurudiwa nyumbani kila siku.

Halafu wako ana mtaji ambao naona huuoni. Mtoto anayesimulia kisa cha jana kwa mpangilio, nani alianza, nani akafuata, mwisho ikawaje, ameshajenga nusu ya kusoma. Siku atakapoanza kuunganisha silabi atakuwa anaelewa anachokisoma. Msomee hadithi kila siku na umwache aikatize. Muulize "unadhani atafanya nini?" kabla ya kugeuza ukurasa, si baada.

Sasa vifurushi. Usisome tangazo, na usifungue ukurasa wa kwanza, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa kila kifurushi unapendeza. Fungua katikati. Chukua wiki moja nzima ya huko katikati, ujiulize mikono yake itakuwa inafanya nini na mdomo wake utakuwa unafanya nini. Ukikuta siku zote tano mkono unafuatisha vitone na mdomo umefungwa, kirudishe.

Upande wa herufi, angalia zinakuja kwa mpangilio gani. Vifurushi vingi hufuata a, b, ch, d mpaka z, herufi moja kwa wiki, kwa sababu ni rahisi kupanga vitabu hivyo. Kwa Kiswahili huo ni uvivu. Lugha yetu ina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Ukifuata mpangilio wa wimbo, u inafika karibu na mwisho wa mwaka, na mtoto anakaa miezi bila kuweza kuunda maneno ya maana zaidi ya baba na dada. Anza na a, e, i, o, u, kisha m, kisha t. Kwa herufi hizo saba tu ana mama, mimi, taa, tai, toa, tia, mate, moto, tumia, utamu. Ongeza k na orodha inafurika. Na mfundishe sauti. "Me" na "te" za kwenye wimbo zinamchanganya: anaona m na a, anasoma "mea". Afunge midomo aseme mmm, afungue aseme aaa, basi, ma imepatikana. Herufi b na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, zinafanana mno kwa jicho la mtoto. Ch, sh, ny na ng' ziache kwa mwalimu wake.

Kabla hata ya kuona herufi, mpe masikio. Mpigie makofi kwa kila silabi: ki-a-tu, makofi matatu, nyu-mba, mawili, m-to-to, matatu. Hiyo m ya mwanzo watoto wengi huipigia kofi lake bila kufundishwa, ukitazama unaona raha. Kisha muulize maneno yanayoanza kama "meza". Akisema "maji" mpokee, akisema "kiti" usicheke, mrudie. Mchezo huu hauhitaji karatasi. Mnaufanya mkiwa njiani au mkioga.

Namba. Hilo la mdomo kufika kumi kidole kikiwa kwenye saba ndilo la kushughulikia, achana na kumi na tano kwanza. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliyaandika haya mwaka 1978: ili kuhesabu kuwe kuhesabu, kila kitu kipate jina moja tu la namba, majina yafuatane vilevile kila mara, na jina la mwisho ndilo liwe jumla. Wako ana la pili karibu lote, la kwanza bado, na la tatu hatujalijua. Lipime hivi. Mpe vifuniko vitano, avihesabu akivisogeza kimoja kimoja kutoka kushoto kwenda kulia, aviache huko. Akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Akianza upya, moja, mbili, tatu, ujue bado hajaelewa kwamba tano ni vyote. Kaa kwenye tano mpaka hapo pawe imara, kisha sita, kisha saba. Mtoto anayeijua kumi kwa mikono yake ni bora kwangu kuliko anayeimba mia. Kifurushi chenye kurasa za kuandika tarakimu hadi hamsini kwa mtoto wa umri huu kimeandikwa ili mzazi aone thamani ya pesa yake.

Penseli kwa ngumi isikutishe. Vidole vinakomaa kwa kufinyanga, kuchana karatasi, kufungua na kufunga vifuniko, kukamua sponji, kubana vibanio vya nguo. Kalamu ya rangi ivunje iwe kipande kifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Na mistari ina ngazi zake: wima, mlalo, duara, msalaba, halafu mraba. Mistari ya mshazari na pembetatu huja baadaye, wengi kwenye miaka mitano hivi. Kwa hiyo kitabu kinachomtaka aandike K na M wiki ya pili, wakati msalaba wenyewe bado unampinda, kinamfundisha tu kwamba yeye hawezi.

Muda: vikao vya dakika kumi, kumi na tano akiwa ametulia, viwili au vitatu kwa siku, katikati anakimbia. Basi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka 3 na 4 wawe kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, walale saa 10 hadi 13, na skrini isizidi saa 1, ikipungua ni heri zaidi. Hapo programu yako ya makofi nayo imepata kipimo chake.

Ukinibana nichague, ningechukua mwongozo wa mzazi wa kile cha kwanza kama wanauuza peke yake, nikaacha vitabu vyenyewe. Lakini fungua katikati kwanza.

Baba Pacha

Naunga mkono mengi ya Mwalimu, ila Montessori ameipita juujuu, niseme mimi niliyeifanya na pacha wangu.

Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma mwaka 1907. Katika nchi nyingi jina lake halilindwi kama nembo, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye boksi la vitu vya mbao na kukuuzia. Usinunue boksi. Kinachofanya kazi ni namna ya kutoa somo, na hiyo ni bure.

Mfano herufi za msasa. Nilikata msasa laini mwenyewe, nikabandika kwenye kadi ngumu, irabu rangi moja na konsonanti rangi nyingine. Mtoto anapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa mwelekeo uleule wa kuandika, huku anatamka sauti. Halafu kuna somo la hatua tatu, Montessori alilitoa kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin. Hatua ya kwanza unasema wewe: "Hii ni mmm. Hii ni aaa." Ya pili: "Nipe mmm. Weka aaa chini ya kiti. Ficha mmm mgongoni." Ya tatu ndipo unamuuliza: "Hii ni nini?" Wazazi tunaikimbilia ya tatu, mtoto anakosea, tunanuna. Ile ya pili ndiyo ya kukaa siku nyingi, na ndiyo yenye kucheka. Mmoja wa wangu alikuwa anaficha mmm ndani ya soksi akagoma kuirudisha.

Trei nazo ni kazi za nyumbani tu: kumimina maji kutoka jagi dogo kwenda kikombe, kuhamisha vifungo kwa kibano, kufuta meza. Kanuni mbili nilizishika kwa nguvu, kila trei ina mahali pake, na aliyeitoa ndiye anayeirudisha kabla hajachukua nyingine. Mwalimu wao baadaye aliniambia hilo la kurudisha ndilo aliloliona kabla ya herufi.

Udhaifu wake kwa mtoto wa peke yake nyumbani upo. Madarasa yake huchanganya watoto wa miaka 3 hadi 6, wadogo wanajifunza kwa kuwatazama wakubwa. Wangu walikuwa wawili, kidogo ilisaidia. Wako itabidi umtafutie wenzake wa kucheza nao mara kwa mara, mtaala wowote utakaochagua.

Shangazi Yao

Mnazungumza vizuri lakini kuna shule zinawafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea. Sisi mtoto wetu aliambiwa aandike jina lake na ataje rangi kwa mwalimu asiyemjua, akanyamaza kimya, nyumbani anazitaja zote. Dada, nenda shuleni kwanza uulize wanaangalia nini. Kama wanataka aandike jina, hizo ni herufi chache tu, mfundishe kwa herufi kubwa ya mwanzo na ndogo zinazofuata, maana akizoea kuandika lote kwa herufi kubwa kumgeuza ni kazi. Na mzoeshe kuongea na watu wazima wasio wa nyumbani. Amwambie muuza duka anachotaka yeye mwenyewe, wewe simama nyuma.

Mtu wa Kivulini

Usaili wa miaka mitano. Haya.

Mama Maswali

Nimesoma yote, nyingine mara mbili, na nimefanya ile ya kufungua katikati. Kurasa za mfano za kile kifurushi cha kwanza wanazionyesha, nikachukua wiki moja ya katikati. Jumatatu fuatisha herufi, Jumanne paka rangi picha ya kitu kinachoanza na herufi hiyo, Jumatano zungushia herufi hiyo katikati ya nyingine, Alhamisi fuatisha tena, Ijumaa bandika stika. Mdomo hakuna mahali unapofunguka, labda kwenye stika. Na kweli ni a mpaka z. Mwongozo hawauuzi peke yake.

Kwa hiyo kifurushi nimekiacha. Nimeanza na makofi ya silabi, na jina la babu yake lina silabi tano, analipiga siku nzima. Vifuniko vitano tumekaa navyo. Nilipomuuliza viko vingapi alianza upya, kama ulivyosema Mwalimu. Shuleni nimepiga simu: hawafanyi mtihani, wamesema ajue kwenda chooni na kutaja jina lake kamili. Mama mkwe nimempa kazi ya kusoma hadithi jioni, ameridhika, ingawa nimemsikia anamuuliza "hii herufi gani" kila mstari.

Nimebakiwa na mawili. Programu ya simu niifute kabisa au? Na la pili nimeligundua nilipochapa ule ukurasa mmoja wa mfano kumjaribu. Mwanangu anatumia mkono wa kushoto. Mfano wa herufi umechapwa mwanzo wa mstari, upande wa kushoto, na yeye akiweka mkono aandike anaufunika wote. Akawa anainua mkono, anachungulia, anaurudisha, anainua tena, mpaka akakasirika. Vitabu vyote vimepangwa hivyohivyo. Na mkasi ndiyo kabisa, karatasi inajikunja katikati ya visu haikatiki. Wengine wananiambia nimbadilishe mkono mapema.

Chaki na Vumbi

Usimbadilishe. Mkono alioandikiwa ndio huo, ukiulazimisha wa pili utapata mwandiko mbaya na mtoto anayechukia kuandika.

Karatasi isogeze kidogo kushoto kwake na uilaze, kichwa cha karatasi kielekee kulia. Hapo mkono unakaa chini ya mstari badala ya kuupinda juu yake, na anaona alichokwisha kuandika. Penseli aishike juu kidogo kutoka kwenye ncha kuliko anavyoshika wa kulia, vidole visizibe herufi. Kwa ukurasa wowote wa kufuatisha, chukua kalamu yako uandike mfano wa pili mwisho wa mstari upande wa kulia, au juu ya mstari. Sekunde mbili tu. Mezani akikaa na mtoto wa mkono wa kulia, yeye awe upande wa kushoto, viwiko visigongane, na mwalimu wake mpya mwambie siku ya kwanza ili ampangie hivyohivyo.

Programu usiifute. Ina nafasi yake pale unapomalizia kazi, ndani ya ile saa moja, na siku nyingine bila hiyo kabisa. Ila zima sauti ya kutaja majina ya herufi kama inataja kwa mtindo wa lugha nyingine, itakuharibia sauti unazomfundisha. Mama mkwe naye mwachie. Akizidisha maswali, mpe kitabu chenye picha bila maandishi, watunge hadithi pamoja.

Mkasi ni wa kulaumiwa, mtoto hana kosa. Mkasi wa kawaida umeundwa ili mkono wa kulia ukibana, visu vigandane. Mkono wa kushoto ukibana vinaachana kidogo, ndiyo maana karatasi inajikunja. Kisu cha juu pia kinamziba asione mstari anaoukata. Mtafutie mkasi wa kushoto wa kweli, ambao visu vyenyewe vimegeuzwa, kwa sababu kuna inayouzwa kuwa ya mikono yote na tofauti yake ni mashiko tu. Mkononi unautambua hivi: ukiushika ncha zikitazama mbele, kisu cha juu kiko upande wa kushoto. Mpaka uupate, achane karatasi kwa vidole, vipande vyembamba virefu, ni mazoezi yaleyale. Ukiupata, muanzishie karatasi ngumu ya upana wa kidole, akate kwa bano moja ipukutike. Mistari mirefu na ya kupinda baadaye.